Tumwache Mgonjwa, Tulikague Kabati la Dawa

Katika mabaraza ya chifu kuanzia Laare, Meru, hadi Kiritiri, Embu, na katika mikutano ya maafisa wa kaunti, kuna sentensi moja isiyokosa kila takwimu za afya zinapotoka vibaya: wananchi wahamasishwe zaidi. Mama akijifungulia nyumbani, hajahamasishwa. Mzee akipooza kwa sababu ya presha, hakuelimishwa. Watoto wakiharisha, jamii bado haijaelewa umuhimu wa kunawa mikono. Sentensi hii imezoeleka hata hakuna anayeidai ushahidi. Mimi naikataa. Inamtwika mgonjwa mzigo wa wale wanaopaswa kumhudumia, na inahalalisha pesa za afya kuishia kwenye mahema, fulana na vipaza sauti.

Tuanze na presha. Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kila mmoja alikabidhiwa mkoba wenye vifaa vya kupima presha, sukari na joto la mwili, pamoja na simu ya kuingizia rekodi, na akapangiwa takriban nyumba 100. Ni hatua kubwa ambayo naiunga mkono bila kusita. Lakini mfuate mhudumu huyo hadi kwa mama wa miaka 60 huko Evurore, Mbeere Kaskazini. Anamfunga kipimo mkononi, wote wawili wananyamaza mashine ikijaa upepo na kuutoa, kisha kioo kinaonyesha 178 juu, 104 chini. Mhudumu ni jirani yake, wanasali kanisa moja, kwa hiyo anamweleza bila haraka: chumvi ipungue, dawa zinywewe kila siku hata akijisikia mzima. Anamjazia fomu ya rufaa, ile MOH 100. Mama ameelewa na ameamua. Kesho yake anapanda bodaboda hadi zahanati, anapanga foleni, na akifika dirishani anaambiwa dawa zimekwisha, akanunue mjini. Pesa alizokuwa nazo ni za nauli ya kurudi. Mwezi unaofuata anapimwa tena, namba ni zile zile, na taarifa inayopanda ngazi inasema kuwa mgonjwa hazingatii ushauri.

Mama huyu amekosa somo gani?

Kunawa mikono nako ni vivyo hivyo. Katika sehemu kavu za Igembe, familia inayonunua maji kwa mtungi wa lita 20 hupiga hesabu ya kila kikombe, ya kupikia na ya kunywa, na mbuzi nao wanangoja. Anayekwenda kuwafundisha hatua za kunawa kwa sabuni, kisha akaondoka na gari lake, hajawaambia chochote wasichokijua.

Wapo watakaonijibu kwamba tabia ni ngumu kubadilika, na kwamba mila za Wameru na Waembu zina mizizi mirefu. Historia ya maeneo haya inawakanusha. Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa na daktari Mskoti Clive Irvine mwaka 1922 na ambayo sasa ni ya kanisa la PCEA, iko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Leo ni Kaunti ya Tharaka Nithi. Miaka ya 1980 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Meru. Utafiti uliofanywa katika eneo hilo mwaka 1985 ulikuta asilimia 43 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kupanga uzazi. Mwaka mmoja kabla, Kenya nzima ilikuwa asilimia 17 tu. Mwanamke wa Chogoria alikadiriwa kuzaa watoto 5.2 maishani, huku wastani wa taifa ukizidi 7.

Serikali ilikuwa na sera ya uzazi wa mpango tangu 1967, na ujumbe wake ulitangazwa nchi nzima. Mbona basi Chogoria iliwaacha wengine mbali hivyo? Ni kweli kwamba ardhi yake ni nzuri, kahawa na chai zilileta pesa, na shule zilikuwa nyingi. Hayo yalisaidia, wala sitayaficha. Lakini shule haigawi vidonge, na kahawa haichomi sindano. Hospitali ilitawanya zahanati zake vijijini ili huduma iwe karibu na nyumbani. Maeneo yakawa na kamati za afya zenye sauti. Wahudumu walizunguka nyumba kwa nyumba, wakiwa na msimamizi aliyejua wamepita wapi na wamemkuta nani. Muhimu kuliko yote, walichoahidi mlangoni kilipatikana zahanati. Aliyeshawishika asubuhi aliweza kuhudumiwa kabla jua halijazama, na jirani yake akaona kwa macho yake kuwa jambo hilo linawezekana. Hivyo ndivyo tabia ya eneo zima ilivyogeuka ndani ya kizazi kimoja, katika jamii ile ile inayosemwa kuwa na mizizi mirefu.

Hata kwenye mila yenyewe hoja yangu inasimama. Mwaka 1956, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji kote Meru, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni. Wasichana waliitikia kwa kujikeketa wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na kati ya 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Ujumbe ulifika, tena kutoka kinywa chenye mamlaka kuliko vyote, lakini haukuwapa wasichana wala mama zao njia nyingine ya kuvuka kutoka utoto hadi utu uzima. Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, mashirika ya Maendeleo ya Wanawake na PATH yalianza sherehe ya Ntanira na Mugambo. Familia zilikubaliana kwa pamoja, wasichana wakawekwa ndani na kufundishwa, kisha wakatoka kwa ngoma na zawadi, bila kisu. Mafunzo yalikuwemo, lakini yalikuja pamoja na jambo ambalo mzazi angeweza kulifanya bila kutengwa na majirani.

Ndiyo maana kazi ya mratibu wa afya ya jamii katika kaunti ndogo inanigusa sana. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, yeye ndiye anayesimama katikati ya kaunti, wizara, makanisa na miradi ya wafadhili, ambayo mara nyingi kila mmoja huja na daftari lake na posho yake. Tumemzoesha kupimwa kwa idadi ya watu "waliofikiwa". Aliyekaa chini ya hema dakika 20 amehesabiwa, hata kama aliondoka na presha yake. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wafanyakazi wengi wa miradi walirudishwa nyumbani. Aliyebaki kijijini ni yule mhudumu wa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Kumcheleweshea hizo 2,500 za kaunti, kisha kumtuma akahamasishe wengine, ni dhuluma.

Kwa hiyo, bajeti ya afya inapofika katika mabunge ya kaunti ya Meru na Embu, wawakilishi wa wadi wasiulize mikutano mingapi ya uhamasishaji imefanyika. Waulize, zahanati kwa zahanati, dawa za presha na kisukari zilikosekana siku ngapi. Katika kila rufaa 100 zilizoandikwa na wahudumu, ni wagonjwa wangapi walifika, na wangapi kati yao walitoka na dawa mkononi? Rekodi zimo kwenye simu za wahudumu na madaftari ya zahanati. Mratibu apewe mafuta ya pikipiki na mamlaka ya kuzilinganisha kila wiki. Na akikuta kabati tupu Evurore, simu yake ya kwanza iende kwa afisa wa ugavi wa kaunti, kabla mhudumu hajamwandikia mtu mwingine fomu ya kwenda huko.