Safari ya Baharini: Twende Wote au Tubaki Wote



Jumamosi ijayo Chama chetu cha Uvuvi kitakutana katika chumba cha jiografia kupiga kura juu ya safari ya kwenda kuvua baharini, katika nchi ya Tanzania. Sisi ni wanachama 26, na katika hao ni wawili tu waliokwisha kuiona bahari kwa macho yao. Mimi si mmojawapo. Kwa muda wa mwezi mzima hakuna jambo lililozungumzwa zaidi mabwenini, na maneno yamekuwa makali hata wenzangu wawili wa darasani hawasemezani. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika ukurasa huu ili niseme maoni yangu mapema, na anayetaka kunipinga apate siku za kujitayarisha.

Mashauri yaliyoletwa ni mawili. Shauri la kwanza ni kupanda ndege kutoka Kigali mpaka Dar es Salaam, kuvuka kwa boti mpaka Unguja, kulala siku nne katika hoteli ya ufukweni, na kukodi chombo cha mashine cha kuvulia samaki wakubwa. Shauri la pili ni kwenda kwa gari na kwa gari moshi mpaka Bagamoyo, kulala nyumba za bei nafuu, na kuvua pamoja na wavuvi wenyewe wa mji ule.

Mweka hazina wetu amepiga hesabu. Kwa shauri la kwanza, hata tukitumia akiba yote ya chama, wanachama watakaoweza kutoa nyongeza ni tisa. Kwa shauri la pili wataweza wote, ingawa wengine itawabidi kujibana sana. Sasa nauliza: akiba ile ilipatikanaje? Jumamosi kwa Jumamosi tulikausha sambaza na kuwauza sokoni, wote 26, mikono ikinuka samaki hata darasani Jumatatu. Je, ni haki watu 17 wawauzie sambaza watu tisa ili wakapande ndege? Kwa maoni yangu si haki, na wala si busara. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwajibu wale wasemao kwamba hatuna haja ya bahari hata kidogo, kwa kuwa Kivu iko mlangoni petu. Ni kweli Kivu ni neema. Lakini sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha Gisenyi na ndio ada ya shule ya wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza. Kama jambo jema lilitoka mbali likatufaa hivi, hapana aibu nasi kwenda mbali kutafuta jingine. Tena fikirini maji yenyewe. Maji ya Kivu hushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, yakaingia Lukuga, kisha mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Ikiwa maji yetu husafiri mpaka baharini, sembuse sisi wenye miguu?

Na liko jambo la lugha. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu, na hapa Gisenyi kimesemwa tangu zamani sokoni na mpakani. Lakini katika masomo tunakariri maneno kama kusi, kaskazi, bamvua na maji mafu kama kasuku. Ziwa letu halijui kujaa na kupwa. Mwanafunzi aliyeyaona maji yakirudi nyuma mamia ya hatua, na mashua zikabaki zimelala mchangani, hatalisahau neno bamvua mpaka kufa.

Basi turudi kwenye safari. Nilipomweleza baba habari hizi sikutaja bei, maana nilimwonea haya. Baba yangu ni mvuvi wa sambaza. Jioni huondoka na wenzake kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ya kushikia wavu ikitokeza mbele na nyuma, na taa za kuwavutia samaki zikiwaka, alfajiri hurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huko mtalala kwa nani?" Nikamjibu, "Baba, tutalala hotelini." Akasema, "Sikuuliza mtalala wapi. Nimeuliza mtalala kwa nani."

Swali hilo limenikaa moyoni. Naona sisi tulianza kupanga safari kwa upande usiofaa. Tulianza na kitanda na kiti cha ndege, na samaki tukamweka mwisho. Yafaa tuanze na mvuvi. Ni nani atakayetuchukua? Huvua nini, kwa chombo gani, katika mwezi gani? Tukiyajua hayo, mambo ya gari na malazi yatajipanga yenyewe.

Tuangalie majira. Wengine wataka twende Julai kwa sababu likizo ni ndefu. Lakini Julai ni wakati wa kusi, upepo mkali utokao kusini, na bahari huchafuka. Siku nyingi vyombo vidogo haviwezi kutoka. Kuanzia Desemba upepo wa kaskazi huanza kushika, na kwa kawaida bahari huwa na nafuu. Kwa hiyo nashauri likizo ya Krismasi, ingawa ni fupi, na ingawa manyunyu ya vuli yaweza kutukuta.

Halafu tuangalie mwezi wa mbinguni. Hapa watoto wa wavuvi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa. Baba zetu hawapendi usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa nuru ya taa hupotea katika nuru ya mwezi na sambaza hawakusanyiki. Wavuvi wa dagaa wa baharini nao huvua kwa taa, na kwao pia giza ndilo lenye samaki. Tena siku za mwezi mwandamo ndizo siku za bamvua. Tukifika mwezi unapoandama na kukaa siku saba, tutaona bamvua na maji mafu, tutavua dagaa kwa taa usiku, na mchana tutajifunza mshipi na madema, yaani mitego iliyosukwa inayozamishwa karibu na miamba. Je, siku nne za hotelini zitatupa hayo?

Juu ya chombo cha kukodi sina ugomvi na wanaokipenda. Huko Shimoni na Malindi, katika Kenya, watu hutoka nchi za mbali kuja kuvua samaki wakubwa kama nduaro, na wengi huwarudisha majini wakiwa hai. Ni mchezo wa heshima. Lakini chombo cha namna hiyo huchukua watu wachache, mabaharia hutega mishipi yote, na mgeni hungoja kitini mpaka samaki ashike. Atarudi nyumbani na picha nzuri. Sisi tunataka kurudi na ujuzi, na katika ngalawa ujuzi hauepukiki, maana asiyevuta kamba atapewa chombo cha kukumbia maji.

Sasa njia. Kutoka hapa mpaka Kigali ni kilomita 150 na ushei. Kutoka Kigali mpaka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,500. Ni mbali, sikatai. Lakini tunaweza kuikata. Siku ya kwanza tulale Kigali. Siku ya pili tuvuke daraja la Rusumo, ambapo gari huacha upande wa kulia wa barabara na kushika wa kushoto, na saa zetu zasogezwa mbele saa moja. Jioni tulale Kahama. Siku ya tatu tupite Singida mpaka Dodoma. Siku ya nne tupande gari moshi jipya la umeme, lililoanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, na kwa saa nne hivi tutakuwa Dar es Salaam. Bagamoyo ni kilomita 65 hivi kutoka hapo. Mwenye ndege atayaona mawingu. Sisi tutaiona nchi.

Na njia hiyo si ngeni kwa historia yetu. Katika karne ya 19 misafara ilishuka kutoka Ujiji kwa Tabora mpaka Bagamoyo, wapagazi wakibeba pembe za ndovu, na watu wakiongozwa utumwani. Wajerumani nao walifanya Bagamoyo makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Kiswahili kilipanda kuja kwetu kwa njia za misafara na askari. Ni vizuri wanafunzi wa Gisenyi washuke njia hiyo kwa hiari yao, wakiwa na vitabu mikononi badala ya mizigo vichwani.

Juu ya malazi nina shauri hili. Mwalimu mkuu wetu amwandikie mwalimu mkuu mwenzake wa Bagamoyo kuomba bweni wakati wa likizo. Likikosekana, ziko nyumba ndogo za kulala wageni mjini. Wasichana wapate jengo lao na mwalimu wa kike. Kila kitanda kiwe na chandarua, kwa maana malaria ya pwani haina mzaha. Kisha barua ya pili ipelekwe kwa kikundi cha wavuvi wanaolinda ufuko, ili watuchagulie manahodha na kutuambia bei kabla hatujaondoka. Hivyo nitaweza kumjibu baba tutalala kwa nani.

Yako pia mambo madogo yanayoweza kuharibu makubwa. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilisafiri na kwaya moja kwenda ng'ambo ya mpaka. Wenzetu wawili hawakuwa na barua ya ridhaa ya wazazi. Kwaya nzima ililala ndani ya gari mpakani, na asubuhi tukarudi nyumbani bila kuimba hata wimbo mmoja. Kwa hiyo naomba yafuatayo yaandikwe ubaoni tangu leo:

Kwanza, kila mwanachama awe na pasipoti, kwa kuwa kitambulisho kinachotosha kwenda Uganda na Kenya hakitoshi kuingia Tanzania. Aliye chini ya miaka 18 awe na barua ya wazazi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe.

Pili, tuulize mapema ofisi ya uvuvi kuhusu leseni. Sheria ya uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 yahusu wageni kama wenyeji.

Tatu, pasiwe na mtu kuingia chomboni bila jaketi la kujiokolea. Kuogelea Kivu si kuogelea baharini, penye mikondo na mawimbi. Na anayejisifu kwamba hatatapika, anyamaze kwanza.

Nne, tuheshimu mji. Wengi wa wavuvi ni Waislamu. Ijumaa wengi hawatoki kabla ya sala. Tuvae kwa adabu. Wasichana wasidhani hawana nafasi: wakati wa maji kupwa wanawake wa pwani huenda miambani kutafuta pweza, na kazi hiyo ina walimu wake.

Tano, tusiende mikono mitupu. Tuwapelekee wenyeji wetu sambaza wakavu, na tuwakaribishe Kivu. Mgeni asiyeweza kukaribisha hubaki mgeni siku zote.

Najua nitaambiwa kwamba nasema hivi kwa sababu mimi ni mmoja wa wale 17. Ni kweli, wala sioni haya kukiri hapa mbele ya shule nzima. Lakini naomba yule aliye miongoni mwa tisa ajiulize: siku tutakaporudi, atakaa na nani kusimulia habari za bahari? Akisimulia kwa watu walioachwa, itakuwa majivuno. Akisimulia na watu waliovuta naye kamba moja, itakuwa kumbukumbu ya chama.

Hakuna mvuvi wa Kivu atokaye peke yake na mtumbwi mmoja wa sambaza. Mitumbwi ni mitatu, imefungwa pamoja, na ukikata kamba wavu huzama. Baba zetu walitufundisha hivyo kabla ya shule. Basi Jumamosi tupige kura kwa akili hiyo: twende wote kwa gari, au tubaki wote na kuendelea kuuza sambaza mpaka mwaka ujao. Mimi nitainua mkono kwa ajili ya Bagamoyo.

Umoja ni nguvu.

Mwana wa Mvuvi,
Kidato cha Tano