"UJE LINI" SI "UNAKUJA LINI"!

Wiki hii natua Rugera, kule Karagwe, ambako jamaa mmoja nusura akose mke kwa sababu ya herufi moja.

Bibie alimtumia meseji: "Nimemuuliza mama uje lini." Jamaa akadhani ni "unakuja lini" iliyoandikwa kivivu, akajibu "bado sijajua", akarudi zake kwenye kahawa. Kumbe mama mtu alishapanga Jumamosi ya kujitambulisha! Bibie alinuna wiki nzima.

Jamani, "namuuliza unakuja lini" ni kutafuta habari: tarehe ipo, muulizaji haijui tu. "Namuuliza uje lini" ni kuomba uamuzi. Tarehe haipo, mwenye kuulizwa ndiye ataipanga. Ndiyo maana "sijui nampenda nani" na "sijui nimpende nani" ni wagonjwa wawili tofauti. Wa kwanza moyo umeshaondoka, hajui tu umefikia kwa nani. Wa pili bado anachagua kama nyanya za sokoni Omurushaka. (Huyo mkimbie, dada yangu.)

Waitaliano nao wanacho kitenzi cha namna hii, ila wanakitumia kivyao. "Sijui nifanye nini" yetu, wao husema "non so cosa fare", kitenzi kitupu. Halafu "sijui yuko wapi", pale sisi hatubadilishi kitu, wao kwa ufasaha husema "non so dove sia", na hiyo "sia" ni ya shaka tu. Mtaani wengi husema "dov'è", maana ni ile ile, wala hanuni mtu.