Matumbawe ya kwanza nyumbani: subira kabla ya pambo



Msomaji wetu mmoja, baba mwenye watoto watatu anayeishi Majengo, Moshi, ametuletea swali ambalo huenda likazifaa familia nyingi. Kijana wake wa kidato cha pili alipewa na ami yake tangi la kioo la lita 100. Wameliweka sebuleni, wakatia maji ya chumvi, mawe na samaki wawili wadogo, na sasa ni wiki ya saba. Kijana anataka kuongeza matumbawe. Mjomba wake aliyeko Tanga ameahidi kuvunja vipande viwili vitatu mwambani maji yakipwa, avitie ndooni na kuvipandisha basi la asubuhi. Baba anauliza: je, jambo hili linafaa? Na ikiwa halifai, waanzeje?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: ndoo ya mjomba isipande basi. La pili linahitaji maelezo, nasi tutayatoa kwa utaratibu.

Tumbawe ni kiumbe hai

Wengi wetu tulilijua tumbawe kama jiwe. Wazee wa pwani walijengea nyumba na misikiti, wakachoma chokaa yake, na mafundi wakalichonga lingali laini lilipotoka baharini. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, yenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, imechongwa katika jiwe hilo. Na katika Surat Ar-Rahman, marijani, ambayo ni jamaa ya matumbawe, imetajwa pamoja na lulu miongoni mwa neema zitokazo baharini.

Hata hivyo, jiwe lile ni mifupa tu. Aliyelijenga ni mnyama mdogo aitwaye polipu, mwenye kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri, anayeishi pamoja na maelfu ya wenziwe. Ndani ya nyama yake hukaa mwani wa chembe moja, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakizidi joto kwa muda mrefu, ushirika huo huvunjika: mwani hutoka, tumbawe likabaki jeupe, na hali isiporekebishika hufa. Hayo ndiyo yaliyozipata bahari zetu mwaka 1998, wakati sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilipopauka.

Matumbawe magumu yanayojenga miamba mikubwa ya mviringo hukua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Mwamba wenye kimo cha mita moja unaweza kuwa na umri wa karibu karne nzima. Anayeuvunja kwa nyundo asubuhi moja hawezi kuurudisha maishani mwake.

Kisha ipo sheria. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inalinda maeneo kadhaa ya pwani yetu, na Tanga ina hifadhi yake ya bahari tangu 2009. Matumbawe magumu yote yamo pia katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake, hivyo hayavuki mipaka bila kibali. Asiyejua hukumu ya eneo fulani amuulize afisa uvuvi kabla ya kugusa chochote.

Jambo la tatu ni safari yenyewe. Kutoka Tanga hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 300. Ndoo iliyofunikwa, ndani ya basi, katika joto la Korogwe na Same, hupungukiwa na hewa upesi. Kipande kilichojeruhiwa kwa nyundo hutoa ute, ute huo huoza, na kinachofika mara nyingi ni maiti inayonuka. Ikitiwa katika tangi dogo, itawaua na samaki waliokuwamo.

Kufuga kunaruhusiwa, na kuna dhamana

Hatusemi haya ili kumvunja moyo kijana. Katika hadithi sahihi tunamkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, akimtania mtoto Abu Umayr kuhusu ndege wake mdogo, na wanachuoni wakachukua humo ruhusa ya kufuga. Tunamkuta vilevile mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Hadithi hizi mbili zifundishwe pamoja. Mtoto anayeweka kiumbe nyuma ya kioo amekizuia kisijitafutie riziki, basi riziki yake, maji yake na pumzi yake viko shingoni mwa mtoto huyo, na mwa wazazi wake kabla yake.

Je, tangi liko tayari?

Wiki saba zenyewe si hoja. Hoja ni vipimo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota juu ya mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kutosha. Kijana apime: amonia iwe sifuri, nitriti iwe sifuri, na matokeo hayo yajirudie kwa wiki mbili mfululizo. Mara nyingi katika kipindi hiki utando wa kahawia hufunika mawe na mchanga, kisha hupungua wenyewe. Asinunue tumbawe utando huo ungali unaenea.

Vipimo vingine ni hivi: chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipima chumvi husomeka 1.025 au 1.026, joto kati ya nyuzi 24 na 27, nitrati iwepo kidogo, kwani maji yasiyo na lishe kabisa huyadhoofisha matumbawe kama yanavyodhoofishwa na maji machafu. La muhimu kuliko tarakimu ni utulivu. Tumbawe huvumilia kipimo kilicho kando kidogo kuliko kipimo kinachopanda na kushuka kila siku.

Maji, joto na hewa ya Moshi

Moshi imejaliwa chemchemi za mlima, na maji yake yanasifika kwa kunywa. Kwa tangi la bahari, sifa hiyo haitoshi. Maji ya bomba huwa na madini yaliyoyeyuka katika miamba ya volkano, na pengine klorini ya kuua vijidudu. Maji ya chupa nayo yana madini. Maji ya mvua ya paa la bati hubeba vumbi na zinki. Linalofaa ni maji yaliyosafishwa kwa mtambo wenye utando unaozuia madini, kisha yakachanganywa na chumvi maalumu ya matangi, si chumvi ya mezani. Madini ya shaba yaepukwe kabisa, pamoja na dawa za samaki zenye shaba, kwa sababu kiasi kidogo tu huua matumbawe.

Kila wiki abadilishe lita 10 katika zile 100, akitumia gramu 350 hadi 400 za chumvi, na apime kabla ya kumimina. Maji yanayopungua kwa kukauka yajazwe kwa maji matamu yaliyosafishwa, kwani chumvi haipandi na mvuke. Akijazia maji ya chumvi, tangi litazidi ukali siku hadi siku.

Januari na Februari, joto la sebule za Moshi huweza kuzidi kiwango cha matumbawe. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ila huongeza ukaukaji. Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani, kinahitajika kipasha joto. Zaidi ya hayo, mji uko mita 800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hufanya maji yabebe oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Kwa hiyo pampu ielekezwe ili uso wa maji uchemke daima, na pawepo pampu ya hewa ya betri kwa saa za umeme kukatika. Nyumba isiyoweza kumudu betri hiyo isubiri kwanza.

Yapi yawe ya kwanza?

Aanze na matumbawe laini, yasiyojenga mifupa ya mawe. La kwanza ni tumbawe la ngozi, lenye umbo la uyoga mnene na minyiri mifupi juu. Jamaa zake wamo hata katika bahari yetu, nalo husamehe makosa mengi. Hulala kwa siku kadhaa likiwa limejifunga, likavua utando kama nta, kisha likafunguka tena; mtoto asidhani limekufa. La pili ni tumbawe uyoga, bapa kama kisahani, linaloridhika na mwanga hafifu. Haya mawili yanatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Matumbawe magumu yenye matawi yaachwe, kwani yanataka chokaa, mwanga na mkondo ambavyo tangi changa haliwezi kuvitoa kwa utulivu.

Wazazi watahadhari na jamii ya zoanti, maua madogo ya rangi yanayouzwa sana kwa wanaoanza. Baadhi yake yana palitoksini, sumu kali mno. Yasishikwe kwa mikono mitupu yenye michubuko, wala jiwe lake lisichemshwe au kusuguliwa likiwa kavu, kwa kuwa mvuke na vumbi lake vimewahi kuwalaza watu hospitalini. Penye watoto wadogo, ni bora kutoyaleta.

Kipande kinunuliwe kwa mtu aliyekikata katika tangi lake mwenyewe, au kwa mwagizaji anayeonyesha kibali. Muuzaji asiyeweza kueleza kimetoka wapi aachwe. Na ikiwa hapatikani muuzaji wa aina hiyo, tangi la samaki wawili na mawe ni tangi kamili. Halina aibu yoyote.

Siku ya mgeni

Taa izimwe. Mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lisawazike, kisha maji ya tangi yaongezwe mfukoni kidogo kidogo kwa nusu saa. Kipande kikaguliwe kama kina konokono, minyoo au mayai, na kioshwe kwa dawa ya matumbawe kwa vipimo vilivyoandikwa. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini. Kiwekwe chini, mbali na mwanga mkali, kisha kipandishwe taratibu kwa wiki mbili. Kati ya kipande na kipande paachwe shibiri moja, maana matumbawe hupigana kwa kuumana na kwa kemikali.

Baada ya hapo, mikono itoke ndani ya maji. Kulihamisha kila siku ndiko kunakoliua. Kijana awe na daftari: joto, chumvi, siku ya kubadilisha maji, hali ya tumbawe. Wiki nne zikipita salama, ndipo afikirie la pili.

Mlima na bahari ni nyumba moja

Mjomba wa Tanga asikatiwe matumaini. Badala ya kutuma ndoo, awaalike wajomba zake likizo. Wakiiona miamba ya Tanga mahali pake, au wakifika Chumbe kule Unguja, eneo linalolindwa tangu 1994, watajifunza zaidi ya tangi lolote.

Na wakiwa njiani, baba awaonyeshe Mto Pangani. Mito inayoteremka kutoka Kilimanjaro huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani huendelea hadi Bahari ya Hindi, karibu na kisiwa cha Maziwe na matumbawe yake. Bwawa huzuia sehemu ya tope, si lote, na mto huokota jingine njiani. Tope likifika baharini huziba mwanga, na tumbawe lisilopata mwanga hufa njaa. Anayetunza kihamba chake mlimani, akauacha mgomba na mti ushike udongo, anayatunza matumbawe ambayo pengine hatayaona.

Hilo kijana wa Majengo anaweza kulianza leo, kabla hajanunua kipande chochote.

Wabillahi tawfiq.