Ada ya Shule Si Mtaji wa Kampuni

Mwezi huu naweka kando presha na sukari nizungumzie pesa, kwa sababu wengi wetu huku nje tumegeuzwa wawekezaji bila kuulizwa. Nyumbani kijana akianzisha kampuni, benki inamdai hati ya shamba. Hana. Basi anampigia simu ndugu aliye Muscat au Leeds.

Mpwa wangu wa Nairobi ameniomba pauni 4,000 kwa ajili ya programu ya simu inayowaunganisha wakulima na wanunuzi. Kijana ana akili, sina shaka naye. Lakini pesa hizo ni ada ya mdogo wake, na kwangu ni zamu za usiku zisizohesabika. Nimemkatalia. Ameumia, na kaka yangu pia kanuna.

Kampuni changa nyingi hufa, hata zile nzuri. Anayeweka pesa katika 20 anaweza kupoteza 15 na bado akapata faida, kwa sababu mbili tatu zimekua sana. Mimi ningeweka katika moja tu. Mzigo huu ni wa mifuko ya pensheni, bima na makampuni makubwa.

Na Kenya pesa zipo! Mali za mifuko ya pensheni zimepita shilingi trilioni 2, na kanuni zinaruhusu mfuko kuweka hadi asilimia 10 katika kampuni zisizouzwa sokoni, zikiwemo changa. Sehemu kubwa, hata hivyo, iko kwenye hati fungani za serikali. Siwalaumu sana wadhamini; serikali hulipa riba nzuri, nao wanalinda uzee wa watu. Safaricom ilianzisha mfuko wake wa Spark mwaka 2014 kwa dola milioni 1, kiasi kidogo mno kwa kampuni ya ukubwa ule.

Israeli ilikuwa na shida kama hiyo. Mwaka 1993 serikali yake ilitenga dola milioni 100 kwa mpango wa Yozma. Ilitia takribani asilimia 40 katika kila mfuko, nao wabia binafsi, wa nje na wa ndani, wakaleta zilizobaki. Utamu ulikuwa hapa: mambo yakienda vizuri, wabia waliruhusiwa kununua fungu la serikali kwa bei iliyokubaliwa mapema. Wengi walinunua. Hofu ilipungua kwa sababu serikali ilitangulia kuingia majini.

Mimi bado nina akiba kwenye mfuko wa mwajiri wangu wa zamani Kenya, na najua wengi wenu mnazo pia. Mifuko hiyo hufanya mkutano wa wanachama kila mwaka. Safari hii nitaandika kuuliza: katika ile asilimia 10, sisi tumetumia ngapi, na nani anatuchagulia kampuni?