Nkambo Havuti, Anakunywa

Mwezi wa nane uliopita dada yangu mkubwa aliolewa hapa Likasi, na nkambo zetu wawili walipanda treni kutoka Bukama kuja kumbariki. Mimi nilipewa kazi moja tu: kuwatafutia chumba cha hoteli kwa usiku tatu. Baba alisema, "Wewe unasoma lugha, utaelewana na watu." Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilichukua siku mbili, ikatutoza faini, na kidogo ituletee msiba katikati ya ndoa.

Msomaji atauliza kwa nini wazee wasilale nyumbani. Nyumba yetu ya Kikula ina nafasi, hata siku ya ndoa. Lakini mtoto wa kaka yangu ana miaka minne na ana pumu, na nkambo wote wawili wanavuta. Nkambo mwanaume alianza sigara ujanani, wakati mji huu ulikuwa ungali ukiitwa Jadotville, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1966. Nkambo mwanamke ana kiko chake, na anakitunza kuliko miwani yake. Walipokuja safari iliyotangulia, tulimkimbiza mtoto hospitali usiku wa pili. Tangu siku ile baba aliamua kwamba wakija tena watalala mahali pengine. Hakuna aliyefurahia uamuzi huo, lakini hakuna aliyeweza kuubishia.

Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye barabara ya kwenda Kolwezi. Hoteli nilizozunguka zinawangojea watu wa migodi na wasafiri wa usiku mmoja: mtu anafika gizani, anaoga, analala, anaondoka alfajiri. Mzee wa miaka 78 mwenye goti bovu hayumo katika hesabu hiyo. Hoteli ya kwanza walinikatalia kabla sijamaliza sentensi. Ya pili walisema hakuna shida, avute atakavyo; nikaingia chumbani nikakuta dirisha lisilofunguka na mapazia yanayonuka sigara za mwezi mzima. Hata mvutaji hapendi kulala ndani ya moshi wa mtu mwingine. Ya tatu waliruhusu kuvuta kwenye roshani, ila roshani ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi hazikuwa na mahali pa kushika.

Ya nne ilikuwa safi, bei yake tuliiweza, na chumba kilikuwa chini. Ukutani palikuwa na kibao cha Kifaransa: *Défense de fumer*. Nkambo hasomi Kifaransa. Jioni tulipofika naye mapokezini, mama aliyekuwa pale alimwuliza kwa adabu, kwa Kiswahili chetu:

"Muzee, unavutaka?"

"Hapana, mama," akajibu nkambo. "Miye nakunywaka tu."

Yule mama akacheka. "Kama ni kunywa tu, haina neno. Pombe inauzwaka kule inje."

Nkambo hakusema uongo. Yeye na rika lake husema kunywa tumbaku. Kuvuta, kwake, ni kuvuta kamba au kuvuta ng'ombe. Aliulizwa swali kwa neno moja akajibu kwa neno lake, na kila mmoja aliondoka pale akiamini kwamba ameelewana na mwenzake. Mwongo alikuwa mmoja tu, naye ni mimi mwanafunzi wa lugha, niliyeyajua maneno yote mawili na kunyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka kuzunguka. Chumbani nilimnong'oneza, "Nkambo, watu wa hapa wasikuone na sigara." Yeye alielewa kama mtu yeyote angeelewa: ajifiche.

Basi akajificha. Alingoja usiku, akafunga dirisha ili harufu isitoke, akawasha sigara akiwa amelala ndani ya chandarua. Usingizi ukamchukua. Nkambo mwanamke aliamshwa na harufu ya kitambaa kinachoungua, akamwaga jagi zima la maji ya kunywa juu ya kitanda. Asubuhi shuka lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na godoro lilikuwa na doa jeusi. Tulilipa faini ya dola ishirini na tukaondoka. Sikumlaumu yule mama. Sheria ilikuwa ya kwake, na haki pia. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiliwazia lile tundu, kwa sababu chandarua kingeshika moto, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Nataka nieleweke vizuri: sitetei kuvuta ndani. Moshi hauheshimu ukuta wala umri. Unakaa katika pazia, godoro na zulia, na mgeni wa kesho, huenda mama mjamzito au mtoto kama yule wa kwetu, ndiye anayeuvuta bila kupenda. Nchi yetu imeukubali mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, na sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 nayo inaigusa tumbaku. Majirani wamefika mbali zaidi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya majengo ya umma na hata katika mita 50 kuyazunguka. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, iliacha nafasi ya kutenga mahali maalumu pa wavutaji. Nikilinganisha hizo mbili, moyo wangu wa mjukuu unaegemea Kenya. Mita 50 kwa kijana ni hatua chache, lakini kwa mzee mwenye goti bovu, saa nane za usiku, ni safari. Asipoiweza safari hiyo, atavuta kitandani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Katazo lisilomwonyesha mtu pa kwenda halizimi sigara, linaifunika tu. Na sigara iliyofunikwa ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu huvutwa dirisha likiwa limefungwa, taa imezimwa, na majivu hayana kisahani.

Wenzangu kadhaa wa darasa waliniambia, "Si aache tu?" Ni kweli kwamba kuacha kuna faida hata uzeeni, na mtu wa kumwambia hivyo ni mganga wake au mwanawe, kwa utulivu, nyumbani kwake. Lakini mwili uliozoea tumbaku miaka sitini hauachi kwa sababu mjukuu amelipia chumba cha siku tatu. Usiku wa kwanza bila sigara huleta wasiwasi, hasira na kukosa usingizi, na tena ni usiku wa kuamkia ndoa. Na ni nani kati yetu atakayesimama mbele ya nkambo wake amfundishe namna ya kuishi? Kwetu mzee haambiwi "acha". Anaweza kuambiwa "karibu hapa, kiti chako kiko huku". Ni jambo lile lile, ila la pili linamwacha na heshima yake.

Na kweli, ndivyo tulivyopona. Usiku wa pili na wa tatu wazee walilala katika nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita, bila kiyoyozi wala zulia. Mwenye nyumba nilimweleza yote mlangoni, mpaka habari ya shuka. Akafikiri kidogo, akatoa kiti cha mbao akakiweka chini ya mwembe, hatua nane kutoka mlango wa chumba, pamoja na kopo la mchanga. Akamwambia nkambo, "Muzee, mu chumba hatukunywaka tumbaku. Pa kunywa ni hapa." Nkambo akashukuru, akakaa. Usiku nilimwona kwa mbali, cheche moja nyekundu chini ya mwembe, na nkambo mwanamke pembeni yake na kiko. Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Hakuna aliyejificha.

Angalieni alivyosema yule mwenye nyumba, kwa maana hili linahusu kitivo chetu. Alitumia neno la mzee. Hakuanza na katazo likaishia hapo, alitaja mahali. Vibao vyetu mjini vimeandikwa kwa Kifaransa, kana kwamba wavutaji wote wamesoma sekondari. Tena tukitaka kuvitafsiri, tuwe waangalifu. *Fumer* kwenye kibao inaeleweka kwa namna moja, lakini kuvuta ni neno la mambo mengi. Bandika "Usivute" peke yake mlangoni, na mtu atasukuma mlango. Andika "Chumba cha wasiovuta", na mzee ataona kwamba anayekataliwa ni yeye, si moshi wake. Andika "Chumbani hatuvuti wala hatunywi tumbaku. Kiti cha kuvutia kiko uani", na kila mtu atajua la kufanya, pamoja na asiyejua kusoma, maana mwenzake atamsomea kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wenye hoteli: wekeni kiti, paa dogo na kopo la mchanga uani, na mwulize mgeni mzee kwa maneno mawili badala ya moja. Ni gharama ndogo kuliko godoro. Kwa sisi wajukuu: tuseme ukweli mapokezini. Tuombe chumba cha chini, kilicho karibu na mlango wa nje, chenye dirisha linalofunguka, na tukikataliwa tuende kwingine bila kunong'ona. Kwa kitivo: katika mazoezi yetu ya tafsiri tunashughulika na hotuba na riwaya. Tuchukue juma moja tutafsiri vibao vya mji huu, tuvijaribu kwa wazee wenyewe kabla ya kuvibandika, na tuwape wenye hoteli bure.

Nilipomsimulia nkambo kwamba nitaandika habari hii, aliuliza kama nitamtaja jina. Nikamwambia hapana. Akasema basi niandike pia kwamba shuka lile lilikuwa jepesi mno.