Jasho la Fondanti Halimlazi Mtu Hospitalini

Mwandishi aliyewashauri waokaji wa Kitengela wasiiweke kamwe keki ya fondanti kwenye friji ametetea sura ya keki, akawasahau walaji. Ni kweli fondanti inayofunika keki ni sukari, na sukari huvuta unyevu. Ikitoka kwenye baridi hutokwa na jasho, rangi zikachuruzika. Lakini ndani mna nini? Kama ni jemu, sina ugomvi naye. Kama ni krimu freshi au kastadi, ushauri huo ni hatari.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kinachoharibika upesi kiwekwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Bakteria wa stafilokokasi wakizaliana kwenye krimu huacha sumu isiyobadilisha harufu wala ladha.

Sasa keki inatoka Kitengela Jumamosi asubuhi, inapita Isinya hadi Kajiado ndani ya buti ya gari, kisha inasubiri kwenye hema la sherehe hotuba za wazee ziishe. Saa hizo 2 huisha kabla kisu hakijaletwa.

Jasho lina dawa. Tia keki kwenye boksi la katoni, lizungushie plastiki, ndipo uiweke kwenye friji. Ukiitoa usifungue upesi: unyevu utatua juu ya plastiki. Fondanti ikinata, iache ikauke bila kuigusa. Na kama safari ni ndefu na huna kasha la barafu, mwambie mteja mapema kwamba krimu haiwezekani.