Jeni Inasingiziwa

Mijadala ya kinga ya mwili siku hizi humtafuta mkosaji mmoja tu: jeni. Mtu akiugua baridi yabisi, husakwa jeni. Seli nyeupe zikigeuka saratani, mashine ya kusoma DNA huwashwa hata kabla swali halijaulizwa. Toleo hili la jarida limepangwa makusudi kuwakera wenye mtindo huo, na shahidi wake wa kwanza ni ng'ombe.

Hapa Kiganjo, kwenye kiwanda cha maziwa cha New KCC, hakuna mfugaji anayehitaji kuelezwa ndigana kali. Kupe wa kahawia humwambukiza ng'ombe Theileria parva, tezi ya chini ya sikio huvimba, na ng'ombe wa gredi asipotibiwa mapema hufa katika wiki chache. Jambo lisilozungumzwa joshoni ni kwamba kimelea hicho huigeuza limfosaiti, aina ya seli nyeupe ya damu, ikafanana na seli ya saratani, ikagawanyika bila kukoma, nacho kikagawanyika pamoja nayo. Lakini kimelea kikiuawa kwa buparvakuoni, seli huachana na wazimu wake: hutulia au hufa. Kosa lililoandikwa ndani ya jeni lisingefutika kwa sindano.

Kazi yote hiyo hufanywa na vimeng'enya. Mwaka 1993, Onesmo ole-MoiYoi na wenzake wa ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo kule Kabete, walionyesha kuwa kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) iitwayo CK2 huongezeka sana katika limfosaiti zilizovamiwa. Miaka miwili baadaye, watafiti Seldin na Leder huko Boston, Marekani, waliwazidishia panya kinasi hiyo katika limfosaiti zao, na baadhi yao wakapata limfoma. Mwaka 2002, kundi la mtafiti Heussler likaona kimelea kikikusanya kinasi nyingine, IKK, juu ya ngozi yake mwenyewe. IKK hubandika fosfati kwenye IκB, protini inayoizuia NF-κB, kiwashio cha jeni, isiingie katika kiini cha seli. IκB ikisagwa, njia hufunguka, na jeni za kuilinda seli isife huamka.

Njia hiyo hiyo imo ndani ya limfosaiti za binadamu. Virusi vya UKIMWI vina sehemu za kushikwa na NF-κB, ndiyo maana seli ya T ikiamshwa, kirusi kilicholala humo kinaweza kuamka nayo. Hata hivyo, masimulizi ya sayansi hii huanzia Boston na kuishia Boston, Kabete ikatajwa kwa haraka kama kituo cha mifugo.

Mchangiaji mmoja anasisitiza kuwa ng'ombe si kipimo cha binadamu. Makala yake imechapishwa bila kupunguzwa. Msomaji ataona kwamba ushahidi wake wote ni wa panya.

Makala ya tofasitinibu, dawa ya baridi yabisi, na kinasi za JAK inazozizuia ni safi. Ile ya kalsinurini, kimeng'enya kinachoondoa fosfati badala ya kuibandika, itawafaa madaktari wa figo, kwa kuwa dawa za kulinda figo zilizopandikizwa hukizuia.

Kwa nini basi jeni inapewa kiti cha mbele? Sababu moja ni ya usafiri. DNA huvumilia safari: damu ikitolewa Nyeri asubuhi na kufika Nairobi jioni, jeni zitasomeka vizuri. Fosfati haina subira hiyo. Vimeng'enya huendelea kuibandika na kuibandua ndani ya chupa, kwa hiyo kinachopimwa Nairobi huenda kikawa hali ya gari, si ya mgonjwa. Ili kuipata hali yenyewe, seli lazima zikazwe kwa kemikali dakika chache baada ya damu kutolewa, palepale hospitalini. Kemikali hiyo ni fomalini iliyozimuliwa, ambayo maabara za patholojia tayari zinayo. Kinachokosekana ni mtu wa maabara aliyefunzwa na bajeti inayomtaja. Makala ya mwisho inaonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua, na imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote. Wanaopanga bajeti za kaunti wanaweza kuanza nayo.